Mwasumini Uliokaa Eda

Baada ya arubaini ya shangazi yangu, jamaa walikusanyika kugawana vitu vyake, nami nikaomba mtungi. Mdomo wake umemeguka na ubavuni una ufa uliozibwa kwa lami. Ndani yake mlikuwa na mwasumini uliokauka, kwa kuwa muda wote wa ugonjwa wake hakuna aliyekumbuka kuunywesha. Binamu yangu mmoja aliniuliza kwa nini nisichukue kitanda, angalau kina thamani. Nikamjibu kwamba kitanda ninacho. Niliuleta mtungi nyumbani kwangu, nikauweka chini ya dirisha, na kabla ya kufanya jambo lolote nikaukwaruza mti kwa ukucha karibu na udongo, nione rangi iliyoko chini ya gamba. Gamba lilipochubuka, ilinijia harufu ndogo ya vumbi na ukuni, na harufu ile ilinirudisha Bagamoyo, kwenye chumba kimoja ambacho dirisha lake lilifungwa mchana.

Nilikuwa mtoto mwenye pengo la meno ya mbele wakati baba aliponipakia nyuma ya baiskeli yake kutoka Zinga na kunipeleka kwa shangazi. Mume wa shangazi alikuwa amefariki. Alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya chumvi, mtu mrefu asiye na maneno mengi, na mimi namkumbuka kwa visigino vyake tu, vilivyopasuka na kuwa vyeupe kama ukuta wa chokaa. Hawakujaliwa mtoto. Wenzangu wa rika langu wanaijua desturi: mjane haachwi akae eda peke yake. Hutafutwa mtoto wa kike katika ukoo, akalala naye, akatumwa dukani na kisimani, maana mwenyewe hatoki mpaka miezi yake itimie. Safari ile mtoto aliyetafutwa nilikuwa mimi.

Mama yangu mzazi alikwisha kufa. Baba alikuwa na mke mwingine, mama mpole tu, na nyumbani niliacha mdogo wangu Athumani, ambaye tulikuwa tukilala mkeka mmoja, mgongo kwa mgongo. Njia nzima nilikuwa nikifikiri kwamba usiku ule mgongo wake utapata baridi.

Baba alimpa dada yake pole, akakaa kidogo, akaaga. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikwisha kushika usukani wa baiskeli nilipomwuliza atakuja lini kunichukua. Aliinama akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba, kama mtu anayepima upepo, na huku ameinama akasema, "Shangazi yako akitoka eda, tutaonana."

Hivyo ndivyo nilivyosikia. Akapanda, akagonga kengele mara moja ijapokuwa njiani hapakuwa na mtu, akaenda zake.

Siku za kwanza nyumba ilijaa wanawake. Walipika, walisoma, walilia kwa zamu, wakalala ukumbini wamebanana. Kisha wakapungua, kila mmoja akarudi kwake kwenye chungu chake, na nyumba ikabaki na watu wawili. Shangazi alivaa nguo nyeupe tupu. Kioo cha chumbani kiligeuzwa kikatazama ukuta. Hakupaka wanja wala hina, hakujitia mafuta mazuri, na hakusema ila kwa shida. Alikuwa akinitaja jina, mimi naja, kisha anaonekana amesahau alichokuwa akitaka, anasema, "Basi, kakae." Nilikuwa nakaa. Kwenye dari mchwa walikuwa wakila boriti, nikawasikia wakitafuna. Nje watoto wa mtaa walicheza kombolela, nami sikuruhusiwa kwenda mbali, nisije nikakosekana nikiitwa.

Nilicheza mdako peke yangu sakafuni. Mkono wa kulia ulikuwa mimi, na wa kushoto ulikuwa Athumani. Athumani alishindwa kila siku, nikaanza kumwachia.

Mtungi ulikuwa chini ya dirisha la chumba kile. Nilipouona mara ya kwanza mwasumini ulikuwa na majani bado, lakini yamejikunja na yamekuwa na rangi ya ugoro. Ukigusa moja, linabaki mkononi. Udongo ulikuwa umejivuta, ukaachana na ukuta wa mtungi, pakabaki mwanya wa kuingiza kidole. Mtoto wa shamba anajua mmea unaotaka maji. Nilichukua kata, nikateka maji, na nilikuwa nimeinama kuyamimina Bi Mwanaidi alipoingia.

Bi Mwanaidi alikuwa jirani, mke wa mshonaji, na ndiye pekee aliyeendelea kuja kila siku baada ya wengine kupungua. Alikuwa mcheshi, na nadhani sasa kwamba ukimya wa nyumba ile ulimwasha mwilini. Aliniona na kata, akasema, "Wee binti, usiuguse huo. Na wenyewe umekaa eda. Umefiwa na mumewe."

Nikamwuliza utatoka lini.

"Utatoka akitoka mwenyewe," akasema, akamwonyesha shangazi kwa kidevu. Kisha akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, kwa sababu katika nyumba ya msiba mtu hachekeshi, na shangazi alikuwa amegeukia ukutani.

Mimi sikuona kichekesho. Nilikuwa mtoto wa kupanga mambo, na jambo lile lilijipanga vizuri. Aliyekaa eda hatoki: mwasumini ulikuwa ndani. Aliyekaa eda hanukii: mwasumini haukuwa na ua hata moja. Hajipambi, na huo ulikuwa ukivua majani yake moja moja kama mtu anayevua bangili. Hasemi na wanaume wa kando. Hili la mwisho nililitilia maanani sana. Mzee aliyetuletea kuni alikuwa akipita chini ya dirisha lile, na kila niliposikia kikohozi chake nilikimbia kuufunika mtungi kwa kanga yangu mpaka apite. Siku moja shangazi aliniona. Alinitazama, akautazama mtungi uliojitanda kanga, akafumba macho. Sikujua amefikiri nini.

Basi sikuunywesha. Niliulinda. Nikawa na wajane wawili wa kulinda, na wa pili alikuwa rahisi zaidi, maana huyo sikuogopa kwamba atakufa. Shangazi alikuwa akila tonge chache na kusukuma sahani kwangu, na mifupa ya mikono yake ilianza kuonekana. Mwasumini, kwa akili yangu, ulikuwa ukingoja tu. Wote watatu tulikuwa tukingoja siku moja, na siku hiyo mimi nitasikia kengele ya baiskeli.

Siku ikafika. Wanawake walirudi na vyungu vyao. Walimwogesha shangazi uani nyuma ya pazia la mikeka, wakamfukiza udi, wakamvika kanga mpya zenye rangi ya zambarau, wakamtia hina kucha. Kioo kiligeuzwa. Palikuwa na wali na nyama, na Bi Mwanaidi alichekesha watu bila kujiziba mdomo. Nilikaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje, nimevaa gauni nililokuja nalo. Ilipofika alasiri likasimama lori la mkaa, utingo akashusha kikapu cha muhogo. Baba ametuma salamu, alisema, na muhogo huu. Mwenyewe amebanwa na palizi.

Wanawake wakala, wakaosha vyombo, wakaenda. Haikupita juma shangazi akazivua zile kanga mpya, akazikunja, akavaa tena nyeupe. Akarudi kukaa kitandani. Dirisha likafungwa. Nilidhani kila mtu ataona kwamba pana jambo halikukamilika, lakini hakuna aliyesema kitu. Bi Mwanaidi mwenyewe alipokuja alitikisa kichwa, akamwambia shangazi kwamba sheria imekwisha, iliyobaki ni yake mwenyewe, akaondoka bila mzaha.

Ndipo nilipofahamu kosa lilipo. Lilikuwa chini ya dirisha. Walikuwa wamemtoa eda mmoja na kumsahau wa pili. Bi Mwanaidi alisema watatoka pamoja. Ikiwa huu haujatoka, basi eda haijaisha, na ikiwa eda haijaisha, baba atakujaje? Mambo yote yaliingiana kama meno ya kitana. Kazi ilikuwa yangu.

Niliuburura mtungi kutoka chumbani wakati shangazi amesinzia. Ulikuwa mzito kunishinda, na nadhani ufa ule ulianza siku hiyo kwenye kizingiti. Niliufikisha uani. Majani yaliyokuwa yamesalia yalipukutika yote, ikabaki fimbo na vijiti vyake. Niliuogesha kama nilivyoona shangazi akiogeshwa, kuanzia juu kuja chini, kwa maji ya kisima cha uani, kata baada ya kata, mpaka udongo ukawa uji. Niliufuta kwa kitambaa. Nilitia kaa la moto katika chetezo na vipande vya udi vilivyobaki sahanini, nikauzungusha moshi. Halafu nikafungua utepe wa nywele zangu, wa rangi nyekundu, nikaufunga kwenye shina, kwa kuwa nguo mpya ilikuwa ya lazima na mimi sikuwa na nyingine.

"Nani anafukiza udi?"

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani. Hakuwa amefika uani tangu siku ile ya kuogeshwa. Jua lilimwingia machoni, akaweka kiganja juu ya paji.

"Mimi, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nautoa eda."

Alitazama fimbo, utepe, chetezo, na dimbwi la maji. Nikasikia sauti ambayo sikuijua, fupi, ya puani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, nikadhani amepaliwa na moshi. Alivuta kibao cha kukunia nazi, akakaa juu yake mbele ya mtungi. Aligusa udongo kwa ncha ya kidole, akakiweka kidole ulimini.

"Maji umeteka wapi?"

"Hapa uani."

"Maji haya wewe unakunywa?"

"Sinywi. Yana chumvi."

"Basi?"

Akaniambia, na yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyopata kuniambia kwa siku moja, kwamba mwasumini haunywi maji ya kisima kile. Ukiupa, mizizi inaungua. Marehemu ndiye aliyekuwa akiuletea maji matamu. "Kutwa nzima yumo chumvini," alisema, "jioni huyo, na kopo lake. Mimi namwambia, mwanamume mzima unabeba maji ya ua, watu wanakuona. Anasema waache waone." Kisha akaniagiza kisu kidogo cha jikoni.

Aliukwaruza mti juu kabisa. Chini ya gamba palikuwa na rangi ya majani makavu. Akashuka kidogo, akakwaruza tena, rangi ile ile. Alishuka hivyo taratibu, na mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake nikitazama kisu, maana mimi nilijua kinachotafutwa pale. Ilikuwa njia yangu ya kurudi Zinga. Karibu na udongo, kidole kimoja tu kutoka chini, kisu kikafunua mstari mwembamba wa kijani, wenye unyevu.

"Hapa," akasema. "Hapa bado upo."

Akaukata wote hadi pale. Nililia, nikidhani ameuua. Hakunibembeleza, aliniambia nilete karai.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa mpango wake, kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza niliyopata kufundishwa kwa utaratibu, na mpaka leo nafanya hivyo hivyo. Tuliutoa mti na bonge la udongo wake, tukaloweka bonge katika maji matamu, tukayamwaga, tukaloweka tena, ili chumvi itoke. Mizizi myeusi iliyoteleza mkononi tuliikata, ile myeupe tukaiacha. Tulichanganya udongo wa chini ya mkorosho, mchanga kidogo, na samadi ya mbuzi ya zamani, si mbichi. Tuliurudisha mti mtungini, tukauweka kivulini, tukalifunika shina kwa kipande cha gunia lililoloweshwa. Maji kidogo asubuhi, na kabla ya kumwaga, kidole kiingie udongoni mpaka fundo la pili. Kikitoka kikavu, ndipo. Shangazi hakuvumilia kukisia. "Usiulize macho," alikuwa akisema, "uliza kidole."

Maji matamu, ambayo mpaka hapo tulikuwa tukiletewa na majirani kwa kunywa tu, yalikuwa kwenye kisima cha mbali, pembeni mwa barabara iendayo Zinga. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu nikarudi na nusu ya ndoo, nusu nyingine iko kwenye gauni. Siku iliyofuata shangazi alisimama ukumbini muda mrefu amejitanda kanga, moja ya zile za zambarau, akishika na kuachia komeo la mlango. Kisha akafungua. Watu wa mtaani walituamkia, wakatutazama mpaka tulipopinda kona. Tangu hapo tulikwenda wote, yeye na ndoo yake, mimi na kopo la marehemu. Yeye akiteka, mimi nilikuwa naangalia barabara. Ilikwenda moja kwa moja, ikashuka, ikapotea kwenye minazi. Nilisikia kengele za baiskeli nyingi barabarani pale. Kila kengele ina sauti yake, na ya baba niliijua.

Kwa muda mrefu shina halikufanya kitu. Kisha asubuhi moja, pale chini, pembeni ya alama ya kisu, palitokea nukta ya kijani isiyozidi kichwa cha pini. Nilimwita shangazi, akaja bila viatu. Tuliinama wote wawili, vichwa vikagongana. Kuanzia siku hiyo dirisha la chumbani halikufungwa tena mchana, na yeye akaanza kumaliza chakula chake.

Jioni tulikaa uani, yeye akichambua mchele, akasimulia. Aliniambia kwamba kijiti kile alipewa na mama mkwe siku ya harusi, kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Alisema kwamba kila jioni, vitumba vikiwa bado vimefumba, alivichuma akaviweka katika kisahani kando ya mto wa kulalia, vikafunguka wao wamelala. Na mara moja, mikono yake ikiwa imesimama juu ya ungo, akasema jambo ambalo sikulielewa, nikaliweka tu kama nilivyokuwa nikiweka vijiwe vya mdako: "Ulipoanza kukauka nilifurahi. Ungechanua mimi nimekaa eda, ningeifanyaje harufu ile?"

Nilizoea. Mtoto huzoea bila kuulizwa. Nilikuwa nalala kitandani kwake, na mgongo wangu ulikuwa umepata mgongo mwingine. Lakini hesabu yangu ilikuwa pale pale. Nilipouona mwasumini umejaa majani, na kwenye ncha yake vitumba vyeupe, vidogo, vimesimama kama punje za mchele, niliingia ndani nikafunga nguo zangu katika kanga: gauni, kitana, vijiwe. Nikatoka nikakaa barazani, furushi mapajani.

Shangazi alinikuta pale alasiri, akitoka kwa Bi Mwanaidi. Akasimama.

"Unamngoja nani?"

"Baba."

"Amesema anakuja leo?"

"Mwasumini umetoka eda," nikamweleza. "Una maua. Baba alisema shangazi akitoka eda tutaonana."

Alikaa kwenye baraza, si karibu sana nami. Akalainisha kanga juu ya magoti yake, upande huu, kisha upande huu.

"Nilikuwa nyuma ya mlango siku ile," akasema. "Baba yako hakusema tutaonana. Alisema tutaona."

Nilimwambia ni mamoja.

"Si mamoja, mwanangu. Tutaonana ni mimi na wewe. Tutaona ni…" Akatafuta neno, akalikosa. "Nilidhani walikwambia. Walikuleta ukae. Mimi sina mtoto, na kule mpo wengi. Yalikwisha kusemwa kabla hujapanda baiskeli." Kisha akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, "Kwa hiyo maji yale yote uliyokuwa ukibeba. Ulikuwa unabeba ili uondoke?"

Nikasema ndiyo. Sikujua kwamba lilikuwa jibu la kuumiza.

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. "Mimi nilidhani," akaanza, lakini hakumalizia. Ilinichukua miaka kuimalizia sentensi ile. Ukubwani, nilipokuwa nikijifundisha sarufi mwenyewe kwa kitabu cha kuazima, nilifika kwenye sura ya vitenzi vya kutendana, nikakuta hapo silabi ile moja inayogeuza kuona kuwa kuonana, kupenda kuwa kupendana. Sikusoma zaidi siku hiyo.

Shangazi aliinuka kutoka barazani. "Kesho nitakupeleka," alisema. "Mtu asifungwe kwa neno alilosikia vibaya." Alikwenda uani, akachuma vile vitumba vyote, akavifunga kwenye jani la mgomba, akavitia katika furushi langu. Hakujibakizia hata kimoja. Usiku ule tulilala, migongo yetu haikugusana.

Tulikwenda kwa lori. Nyumba ya Zinga ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiacha. Athumani alisimama nyuma ya mama wa kambo akanichungulia, na nilipomwita jina akajificha uso. Baadaye alinionyesha mdogo wetu wa kambo aliyezaliwa nisipokuwapo, na mkeka wanaolalia, na mahali pa kila mmoja. Mama alinikaribisha vizuri, akaniuliza nitakula nini, kama anavyoulizwa mgeni.

Baba alirudi kutoka shambani. Aliona furushi kabla ya kuniona mimi. Salamu zilipokwisha, shangazi akamwambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mtoto anauliza siku ya kurudi nyumbani. "Mimi simzuii wala simfukuzi. Mjibu mwenyewe, asikie."

Baba alikuwa ameegemeza baiskeli ukutani. Akainama, akalibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba.

"Tutaona," akasema.

Nilisikiliza neno lile mpaka mwisho wake. Nikangoja. Nje kuku alikuwa akiparura majani, mtoto akaanza kulia ndani, mama akaenda kumchukua, na bado nilikuwa nikingoja ile silabi iliyobaki. Baba aliendelea kulitazama tairi. Kutoka kwenye furushi mapajani mwangu ilianza kuja harufu. Vitumba vilikuwa vimefunguka kabla ya saa yake, kwa joto la safari.

Shangazi hakunitazama. Alikuwa ameweka mikono magotini, kanga yake ya zambarau imemteleza begani, akatazama mlango. Nilijua uzito wa ndoo ile kutoka kisimani, na nilijua kwamba nyumba ile ya Bagamoyo, akirudi peke yake, dirisha litafungwa.

Nikainuka, nikalitia furushi kichwani.

"Shangazi, twende," nikamwambia. "Mwasumini haujanyweshwa."